DHIKI YA MOYO WA MWANAFUNZI



Kila mwaka mwezi wa Novemba ukikaribia, vijana wetu wa kidato cha nne huingia katika shida ambayo wazee wengi hawaioni. Kijana wa hapa Mchafukoge huamka alfajiri akaenda shule; akitoka, huenda kwenye masomo ya ziada, kisha dukani Kariakoo kumsaidia baba yake, na baada ya Magharibi yuko chuoni mbele ya msahafu. Akirudi nyumbani hufungua daftari mpaka usiku wa manane. Mwili wake twauona. Moyo wake ni nani autazamaye?

Moyo nao huugua kama uuguavyo mwili. Shirika la Afya Ulimwenguni limeeleza kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya akili ya namna fulani. Wala maana yake si wazimu wa kuokota makopo njiani. Mengi ya maradhi hayo ni huzuni isiyokwisha na hofu isiyotulia. Alama zake zajulikana: kijana hapati usingizi, au hulala kupita kiasi, chakula hakimpendezi, hujitenga na wenzake, hukasirika kwa jambo dogo, na alilokuwa akilipenda hulitupa. Hali hii ikidumu wiki 2 au zaidi, tusikimbilie kuiita uvivu wala jeuri.

Wako wasemao, "Huyu imani yake ni haba." Basi na waitazame Qurani. Katika Sura ya 19 Mwenyezi Mungu ametusimulia habari za Bibi Maryam, mwanamke aliyetakaswa. Uchungu ulipomfika penye mtende, yu peke yake naye akihofu maneno ya watu, alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Je, alikaripiwa? La. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaamrishwa atikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, atulie, tena akapumzishwa na kusema na watu siku ile. Kwanza maliwazo, kisha chakula na maji, kisha mapumziko. Na Nabii Yaakub, kwa kumlilia mwanawe, macho yake yaliingia weupe. Ni nani atakayethubutu kusema imani yao ilikuwa haba?

Wanazuoni wetu wa kale walilijua jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akabainisha kuwa nafsi ina maradhi yake na tiba yake.

Na sasa tuitazame khofu ya mtihani. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Magazeti yakaandika habari za wanafunzi waliojitoa roho. Serikali ikaunda tume ya kuchunguza, na mwezi wa Mei matokeo yakatangazwa upya: maelfu walioambiwa wamefeli wakaonekana wamefaulu. Enyi wazazi, lizingatieni hili! Hukumu ya karatasi ilibadilika kwa miezi mitatu, lakini roho iliyotoka hairudi. Na hata wale ambao alama zao hazikubadilika, mlango wa riziki haukufungwa mbele yao.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule na wanafunzi bora. Lakini katika nyumba nyingi orodha ile bado yasomwa kila jioni: "Mtoto wa fulani amepata daraja la kwanza, wewe je?" Neno hili halimwongezei mtoto elimu, humwondolea pa kukimbilia.

Basi yatupasa nini? Baba na mama, mwulizeni mtoto hali yake kabla ya kumwuliza alama zake, na akisema, mwacheni amalize. Mpeni usiku wa kulala. Sisi walimu wa vyuo tuwapunguzie darasa watahiniwa wiki za mtihani. Qurani haikuteremshwa ili tupate mashaka. Nanyi walimu wa shule, mwalimu wa ushauri nasaha awe ni mtu atunzaye siri, asiwe ndiye huyo huyo mwenye fimbo.

Dua na ruqya ni haki, na daktari pia ni haki, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili haiko mbali nasi, nayo ina matabibu wa maradhi ya akili. Iko pia simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ipigwayo bila malipo. Na kijana akitaja kifo, msidhani ni mzaha: msimwache peke yake, mfikisheni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nawe kijana, nafsi yako ni amana ya Mola wako, nayo ina thamani kuliko cheti. Ukilemewa, mwambie mama, au mjomba, au maalim wako. Na wa kwanza asipokusikia, mwendee wa pili. Kuomba msaada si aibu. Bibi Maryam naye alisaidiwa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, azipe nyoyo zao utulivu, na atupe sisi masikio ya kuwasikiliza. Amin.