Kituo cha Kulelea Watoto Mchana Kutwa



Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mama mfanyakazi siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Zikiisha, mtoto aachiwe nani?

Tunawashauri wazazi wasichague kituo kwa picha za ukutani. Nendeni saa sita mchana bila kutoa taarifa. Ulizeni cheti cha usajili. Hesabuni mlezi mmoja ana watoto wangapi, kwani mtoto wa miaka miwili hajui kueleza kwamba ameshinda na njaa. Tazameni maji, choo na jiko, na nani huruhusiwa kumchukua mtoto. Kituo kikifungwa saa kumi nanyi mwatoka zamu saa kumi na mbili, hakifai.

Ada ikimeza mshahara, hilo si tatizo la mama peke yake. Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka huduma za malezi ziendelezwe kwa wafanyakazi wenye familia, wanaume kwa wanawake. Basi kila tawi lilitie jambo hili katika madai ya mkataba wa hali bora.