Dhima ya Mwenye Meli

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa maana ya neno dhima atajibu mara moja: kazi au umuhimu wa mhusika katika hadithi. Jibu hilo si kosa, ila limelifukarisha neno. Katika asili yake ya Kiarabu, dhima ni ahadi na wajibu uliomfunga mtu shingoni. Sioni neno lifaalo zaidi kuelezea bima ambayo walimu wetu wa biashara aghalabu huipita upesi, nayo ni ile wanayokatiana wenye meli wao kwa wao.

Bima ya kawaida hulinda chombo. Lakini meli ikigonga nyingine, au ikiua mtu, hasara haiishii kwa mwenyewe. Mwaka 1836, katika kesi ya De Vaux na Salvador, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba bima ya chombo haifidii malipo anayodaiwa mwenye meli na yule aliyegongana naye. Baadaye watoaji bima walikubali kubeba robo tatu ya dhima hiyo; robo ya nne wakaiacha. Fauka ya hayo, sheria ya mwaka 1846 iliwapa jamaa za marehemu haki ya kudai fidia. Wenye meli waliingiwa na hofu, na mwaka 1855 wakaanzisha chama chao cha kwanza cha kulindana.

Vyama vya namna hii havina wenye hisa wanaongojea faida. Kila mwanachama ni mkata bima na mtoa bima papo hapo. Mchango wake huitwa mwito, na jina hilo lina mantiki yake, kwani hasara zikizidi makisio wanachama wanaweza kuitwa tena watoe. Uzembe wa mmoja hulipiwa na wote. Leo vyama 12 vilivyoungana kimataifa hubeba dhima za takriban asilimia 90 ya tani za meli za bahari kuu. Meli Dali ilipoangusha daraja la Baltimore, Marekani, Machi 2024, na wafanyakazi sita wakafa, chama chake kilikuwa Britannia, mrithi wa kile cha 1855.

Hata hivyo, nisiwasifu kupita kiasi. Kanuni zao husema mwanachama alipe kwanza ndipo arudishiwe. Je, akifilisika? Mwaka 1990 Baraza la Malodi la Uingereza lilishikilia kanuni hiyo, na wenye shehena waliokuwa wakidai wakaondoka mikono mitupu.

Mikataba ya kimataifa imeziba sehemu ya pengo hilo. Mkataba wa kuondoa mabaki ya meli, uliopitishwa Nairobi mwaka 2007 na kuanza kutumika 2015, humruhusu mdai kumwendea mtoa bima moja kwa moja. Tangu Januari 2017, chini ya mkataba wa kazi za mabaharia ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, baharia aliyetelekezwa pia ana haki hiyo, naye hudai nauli ya kurudi kwao na mishahara ya hadi miezi minne.

Cheti cha dhamana hiyo lazima kibandikwe melini mahali pa wazi. Kijana wa Likoni aliyeajiriwa humo hukipita kila siku akienda kula. Kimeandikwa kwa Kiingereza, au kwa lugha nyingine pamoja na tafsiri ya Kiingereza.