Mchezo Ulivunjika au Uliahirishwa? Istilahi za Mpira Zilizosikika Kaliua

Makala haya yanahusu istilahi za mpira wa miguu. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza kwa nini jarida la lugha lijishughulishe na mambo ya uwanjani, ilhali mfasiri wa sheria na mwalimu wa sayansi wangali wanasubiri istilahi zao. Jibu letu ni kwamba mpira ni mojawapo ya nyanja ambazo wasemaji wa Kiswahili wamejiundia istilahi wenyewe, bila kungojea kamati, na istilahi hizo hupimwa kila wiki mbele ya wasikilizaji wengi. Anayetaka kujua jinsi istilahi nzuri inavyozaliwa hana budi kuzitegea sikio.

Sisi tulizisikia Kaliua, mkoani Tabora, mahali ambapo reli iendayo Mpanda inaachana na ile ya Kigoma. Katika karne ya 19 nchi hiyo ya magharibi ilipitiwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kwa njia ya Unyanyembe, na Kiswahili kilisafiri pamoja na wapagazi. Mtu aliyetangulia mbele ya msafara aliitwa kirangozi. Leo, katika nchi hiyo hiyo, kiongozi wa wachezaji uwanjani huitwa nahodha, neno la baharini, ingawa bahari iko mbali sana. Hakuna anayeona ajabu. Neno likishapata kazi ya kufanya, watu hawaliulizi tena lilikotoka.

Timu iliyowapa watu wa huko mazungumzo mengi ni Tabora United, iliyoingia Ligi Kuu ya Tanzania Bara katika msimu wa 2023/24, na ambayo mwaka 2025 ilibadilishwa jina ikawa TRA United. Tutachukua matukio matatu ya misimu yake miwili ya kwanza, na katika kila tukio tutaeleza neno lililolibeba.

(a) Kuvunjika

Tarehe 16 Agosti 2023 timu hiyo, ambayo wengi walikuwa bado wakiijua kwa jina la Kitayosce, ilicheza na Azam FC huko Chamazi, Dar es Salaam. Iliingia uwanjani na wachezaji wanane tu, kwa kuwa wengine hawakuwa na idhini ya kucheza. Katika muda wa robo saa hivi ilikwisha kufungwa mabao 4, matatu kati yake yakiwa ya Feisal Salum. Wachezaji wake wawili wakaumia, wakabaki sita. Sheria ya 3 ya mpira wa miguu hairuhusu mchezo kuendelea iwapo timu moja ina wachezaji pungufu ya saba. Mwamuzi akaumaliza mchezo hapo hapo.

Katika kijiwe kimoja karibu na stesheni ya Kaliua tulimsikia mzee mmoja akilikumbuka tukio hilo na kusema kwamba siku ile mchezo uliahirishwa. Kijana aliyekuwa karibu naye akamsahihisha kwa adabu: “Hapana, mzee wangu, haukuahirishwa. Ulivunjika.” Mzee akatafakari kidogo, kisha akakubali.

Kijana yule alikuwa na haki, na tofauti aliyoieleza si ndogo. Mchezo unaoahirishwa husogezwa mbele, utachezwa siku nyingine. Mchezo unaosimamishwa, mathalani kwa sababu ya mvua au taa kuzimika, hungojewa uendelee. Mchezo unaofutwa huhesabiwa kama kwamba haukuwapo. Lakini mchezo unaovunjika umekwisha kabla ya wakati wake, na hatima yake inabaki mikononi mwa wenye mamlaka ya kuamua. Vitenzi hivi vinne vina matokeo manne mbalimbali katika msimamo wa ligi. Mfasiri wa kanuni atakayeandika “kuahirishwa” mahali pa “kuvunjika” atakuwa ameipa timu iliyopungukiwa na wachezaji nafasi ya kucheza upya, nafasi ambayo kanuni haikuitaja. Tena, mtumishi wa serikali anayeandika kumbukumbu za vikao anakutana na vitenzi hivi hivi kila mwezi. Kikao kilichoahirishwa na kikao kilichovunjika si kikao kimoja.

(b) Mchujo

Mwishoni mwa msimu ule Tabora United ilijikuta katika nafasi ambayo haikushuka daraja moja kwa moja wala haikusalimika. Ililazimika kucheza na JKT Tanzania, ikashindwa. Hata hivyo haikutoka. Ilipewa nafasi nyingine ya kupambana na Biashara United ya Mara, iliyokuwa ikitafuta kupanda, na safari hii ikashinda na kubaki Ligi Kuu.

Watangazaji waliiita michezo hiyo mchujo. Aghalabu tumeona waandishi wakilichanganya neno hili na mtoano, na tukio hili linatuonyesha kwa nini maneno haya hayafai kubadilishana. Katika mtoano anayeshindwa hutolewa, basi. Mchujo umetokana na kuchuja, kazi inayojulikana katika kila jiko lenye tui la nazi au chai ya majani. Kinachochujwa chaweza kupitishwa mara ya pili, na lengo ni kupata kinachostahili kubaki. Timu iliyoshindwa mara moja na bado ikabaki ligini haikuwa katika mtoano. Mwalimu anayewaeleza wanafunzi uteuzi wa hatua kwa hatua, uwe wa wachezaji au wa waombaji kazi, anaweza kulitumia neno mchujo bila wasiwasi, maana mzizi wake unajieleza wenyewe.

(c) Kufunga

Tukio la tatu ndilo lililokumbukwa kwa furaha zaidi. Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga, bingwa mtetezi, mabao 3 kwa 1 huko huko Chamazi. Offen Chikola alifunga mabao 2.

Msomaji atazame vitenzi vya sentensi hizo mbili. Chikola alifunga, Tabora iliifunga. Kitenzi ni kimoja, nacho kinabeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga kwa maneno mawili: kutia mpira wavuni, na kumshinda mpinzani. Kinachozitenganisha ni kiambishi cha mtendwa. Anayefunga tu, amefunga bao. Anayemfunga mtu au kuifunga timu, ameshinda. Kwa hiyo timu yaweza kufunga bila kumfunga mpinzani wake, kama Yanga ilivyofunga bao 1 siku ile na bado ikafungwa. Sarufi yetu imefanya hapa kazi ambayo kamati ingeweza kuihangaikia kwa siku nzima, na haikuhitaji neno jipya hata moja.

Kutokana na mifano hii tunapata fundisho moja. Istilahi hupimwa kwa usahihi wake, kwa ufupi wake, na kwa kukubalika kwake kwa watumiaji. Maneno matatu tuliyoyajadili yanatimiza masharti yote hayo, na hakuna hata moja lililoundwa mezani. Yalikuwa ya nyumbani, ya jikoni na ya baraza, yakapewa kazi mpya na watu waliokuwa na haja nayo. Hatusemi kwamba kamati za istilahi hazina kazi. Kazi yao ya kwanza, kwa maoni yetu, ni kukusanya na kupambanua yaliyopo, na kuunda neno pale tu ambapo hakika pana pengo. Kamati inayoanza kwa kuunda hujikuta ikileta neno la pili mahali palipokuwa na neno moja lililotosha, na mtumiaji ndiye anayebaki na mashaka.

Tunawaachia wasomaji swali moja. Magazeti huandika sare, suluhu na sare tasa. Wapo wanaoshika kwamba suluhu ni pale tu ambapo hakuna bao lililofungwa, na wapo wanaoyatumia maneno hayo bila kuyapambanua. Tunawaomba wafasiri na walimu watuandikie namna yanavyotumika mahali walipo, ili tofauti hiyo, kama ipo, iingizwe katika orodha kabla haijapotea.