Ukuta wa potopoto unaanza kufa chini

Usiku wa mvua kubwa ya juma lililopita, ukuta ulianguka Lubunga, kwa mama mwenzetu, mjane mwenye watoto wanne. Wawili walikuwa wanalala upande ule. Maji yalipoanza kuingia aliwaamsha wahamie kitandani kwake, na hawakukaa sana, udongo ukafunika mahali walipokuwa. Asubuhi tulivuka mto kwa mtumbwi, tukamkuta anatafuta madaftari ya shule ndani ya tope.

Kilichotuumiza ni kwamba manjanja ya nyumba ile tulimnunulia sisi, kwa pesa ya likelemba. Paa jipya, linang'aa! Lakini manjanja yalikuwa machache, kwa hiyo paa likawekwa fupi, karibu sawa na ukuta. Ndele za zamani zilikuwa zinateremka mbele ya ukuta kama ukingo wa kofia. Sasa maji yote ya paa yakawa yanaangukia mguuni mwa ukuta, yanaruka, yanakula udongo kidogo kidogo. Hakuna kati yetu aliyeinama kuangalia.

Hapa Kisangani mvua inapita milimita 1600 kwa mwaka, na hakuna mwezi mkavu kabisa. Wazee waliojenga kwa potopoto walijua hilo. Walisimamisha miti, wakafunga fito au mianzi kwa kamba za porini, kisha wakajaza udongo ndani na nje. Kukanyaga udongo ule ilikuwa kazi ya miguu ya wamama na watoto, na wengi wetu tunaikumbuka, sababu siku hiyo hakuna aliyegombezwa kwa kuchafuka. Ukuta ukikauka unapasuka. Ndipo wanapaka mara ya pili, udongo uliochanganywa na mchanga. Moshi wa jiko nao ulifukuza wadudu katika ndele.

Tusijidanganye. Moshi ule ule ulitukohoza, ndele zinashika moto na zinavuta panya, na mjini hazipatikani bure. Hatumlaumu mama anayetamani manjanja. Ila saa sita mchana chini yake ni kama ndani ya sufuria, na mvua ikinyesha darasani tunaacha kufundisha, hakuna anayemsikia mwenzake.

Kule Ituri, kati ya Wambuti, mwanamke ndiye anajenga. Anachoma miti myembamba ardhini, anaipinda na kuisuka kuwa kama kikapu kilichogeuzwa, kisha anapanga majani ya mangongo, moja juu ya lingine, kama magamba ya samaki. Ni majani hayo hayo tunayofungia liboke. Jani likitoboka, analibadilisha mwenyewe, hamngoji fundi.

Na mbali sana, kaskazini mwa Ulaya, kuna kisiwa cha Iceland. Huko adui si mvua tu, ni baridi na upepo, na miti ya kujengea ni michache. Kwa miaka mingi, hata mwanzoni mwa karne ya 20, watu walikata ardhi pamoja na majani na mizizi yake, wakaipanga kama matofali. Kuta zilipita metre moja kwa unene, na juu ya paa majani yaliendelea kuota. Familia na wafanyakazi walilala chumba kimoja. Tulipoona picha zake tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza: chini ya kuta nyingi kulikuwa mawe. Hata wao hawakuacha udongo ukae ndani ya maji.

Tuliporudi kutoka Lubunga tulibishana. Wengine walitaka likelemba ijayo inunue manjanja mengine. Wengine, na sisi tunaoandika tuko upande huo, tunasema mawe kwanza: kuinua mguu wa ukuta, kuchimba mfereji wa maji kuzunguka nyumba, kurefusha paa hata kwa ndele tu, na kuangalia kama mchwa wamekula miti ya ndani. Ukuta unaotoa sauti ya utupu ukigongwa, watoto wasilale karibu nao usiku wa mvua.

Jumamosi tunavuka tena saa moja asubuhi. Mwenye beseni, jembe au miguu ya kukanyaga udongo aje. Mawe tutayabeba kutoka kando ya mto, na madaftari manne bado yanatafutwa.