Kadi ya kompyuta nje ya kasha: Uliza umeme kabla ya bei

MFANYABIASHARA anayevuka Petite Barrière kila siku anajua kupima mchele kwa jicho na kutambua noti ya bandia kwa kidole. Lakini akiletewa kadi ya picha ya kompyuta, yenye feni mbili na waya wa buluu unaoning'inia, mara nyingi huuliza bei tu. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kadi ya picha ndiyo inayoiwezesha kompyuta kuhariri video za harusi au kuchora ramani za nyumba kwa haraka. Kwa kawaida hukaa ndani ya kasha, imechomekwa kwenye tundu la ubao mkuu. Mtu huitoa nje kwa sababu kadi haienei, au joto limezidi ndani, au kompyuta yake ni ya mapajani na haina nafasi kabisa.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni utepe mpana wa nyaya unaorefusha tundu lile lile. Uwe mfupi na mzuri, la sivyo kompyuta itakwama kila mara.

Ya pili ni ule waya wa buluu, uliopendwa na wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Unafanana na waya wa USB, lakini usiuchomeke kwenye tundu la USB, maana utaweza kuunguza vyote viwili. Tena hupitisha njia 1 tu ya data, wakati tundu kubwa lina njia 16. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha uchimbaji wa kutumia kadi, na kadi nyingi zikamwagwa kwenye soko la mitumba duniani. Basi kadi ya bei nafuu mno yaweza kuwa imefanya kazi usiku na mchana kwa miaka.

Ya tatu inamfaa ndugu aliyerejea nyumbani na kompyuta ya mapajani. Tazama kama ina tundu la Thunderbolt 3, lililotangazwa mwaka 2015. Alama yake ni mshale wa radi. Hapo unanunua kasha la nje lenye umeme wake, bila kufungua kitu.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Tundu la ubao mkuu linaruhusiwa kuipa kadi wati 75, na kati ya hizo wati 66 hupita kwenye njia ya volti 12. Baadhi ya vibao vya waya wa buluu huchukua umeme kupitia kichwa cha SATA, kile cha diski, ambacho kwa volti 12 kimetengenezwa kubeba wati 54 tu. Ni kama kuizidishia chukudu mzigo: leo itafika, kesho itavunjika mteremkoni. Tofauti ni kwamba hapa kinachovunjika huyeyuka na kuweza kuwasha moto. Dai kibao chenye kichwa cha pini 6, ambacho kimewekewa kiwango cha wati 75, na ukiunganishe moja kwa moja na kisambaza umeme bila kigeuzi cha SATA.

Kumbuka pia kwamba kadi iliyo nje haina ukuta. Vumbi jeusi la mawe ya volkano huingia kwenye feni. Ifunge kwenye fremu imara, isilale juu ya meza ya chuma, na iwe mbali na watoto. Usiichomoe kompyuta ikiwa inawaka. Zima, toa waya ukutani, kisha ndipo uguse.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na kuifanyisha kazi nzito kwa nusu saa. Kisha azime, nawe uguse vichwa vya umeme. Kikiwa cha moto sana au kinanuka plastiki, rudisha pesa mfukoni na uvuke mpaka mikono mitupu.