Tromboni Isiyo na Jina
Sehemu ya pili ya makala kuhusu vyombo vya matarumbeta

Katika sharika za Kilutheri zinazouzunguka Mlima Meru, matarumbeta ni sehemu ya maisha ya ibada. Yanapigwa Jumapili na yanapigwa makaburini, na Jumamosi mjini Arusha utayakuta nyuma ya pikapu yakiongoza msafara wa maharusi. Vyombo vingi ni vya kurithi. Aliyevileta amekwisha kufariki au alirudi kwao zamani, na karatasi za mapokezi hazionekani. Wiki iliyopita tulitazama tarumbeta zenyewe. Leo ni zamu ya tromboni, chombo kinachobeba ushahidi mwingi mwilini mwake kuliko ndugu zake wote.

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kutafuta jina. Wakilikosa wanakata tamaa, na wakilipata wanaliamini moja kwa moja. Jina lililochorwa kwenye mdomo mpana wa tromboni mara nyingi ni la muuzaji, si la fundi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mafundi wa Markneukirchen na Klingenthal, miji midogo ya jimbo la Saxony nchini Ujerumani, walitengeneza vyombo vingi sana kwa ajili ya wafanyabiashara wa nchi nyingine, nao wakaviandika majina ya maduka yao. Kwa hiyo jina lisomwe mwisho. Kwanza lisomwe umbo.

Chukulia tromboni moja niliyoikagua katika usharika mmoja wa upande wa mashariki wa mlima. Haina jina lolote. Lakini ukiigeuza na kutazama nyuma, pale mrija unapopinda karibu na bega la mpigaji, unamwona nyoka. Ni nyoka wa madini ya rangi ya fedha aliyelehemiwa juu ya shaba ya njano, akifuata mpindo wa mrija. Kichwa chake kimelika kwa kushikwa miaka mingi, ila ukipitisha kidole mkiani bado unahisi mikwaruzo ya magamba. Vijana wa usharika huo walikuwa na wasiwasi naye, na mmoja aliniuliza kama inafaa chombo chenye nyoka kipigwe kanisani. Nilimjibu kwamba nyoka huyo amepigwa kanisani huko Ujerumani kwa vizazi kadhaa. Ni pambo la jadi la mafundi wa Kijerumani, na lina kazi pia, kwa kuwa linaukinga mpindo usibonyee chombo kinapoegemezwa au kugongwa. Ukimwona nyoka, fikiria Ujerumani au majirani zake wanaofuata mtindo huo, kabla ya kufikiria nchi nyingine yoyote.

Kando ya mdomo mpana kuna alama ya pili, utepe wa madini yenye nikeli uliozungushwa ukingoni kama mkanda. Mafundi wa Kijerumani hupenda kuufua mdomo uwe mwembamba, na utepe huo ndio unaouimarisha ukingo. Tromboni za Kiingereza na za Kimarekani kwa kawaida hazina utepe, ukingo wake umekunjwa tu juu ya waya. Nyoka na utepe vikikutana kwenye chombo kimoja, shaka inabaki ndogo sana.

Kisha kuna vali. Tromboni ya kawaida ya sauti ya B bapa ina mrija wa karibu meta 2.7 na haihitaji vali hata moja, kwa sababu slaidi ndiyo inayobadilisha urefu katika nafasi 7. Lakini ya usharika ule ina vali moja ya kuzunguka inayovutwa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, na mrija wa ziada uliokunjwa ndani ya mpindo. Kidole kikibonyeza, chombo kinashuka hadi F. Ubunifu huo ni wa Christian Friedrich Sattler, fundi wa mjini Leipzig, mwaka 1839. Nasi watu wa Meru jina la Leipzig si geni kwetu. Chama cha Misheni cha Leipzig ndicho kilichofika Kilimanjaro mwaka 1893, kikapoteza wamisionari wake wawili, Segebrock na Ovir, pale Akeri mwaka 1896, kisha kikafungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902 na cha Ilboru mwaka 1904. Injili na vali hiyo vilitoka mji mmoja. Hilo peke yake halithibitishi kwamba tromboni ile ililetwa na wamisionari wa mwanzo, maana vyombo vya Kijerumani vimeendelea kuja kwa njia nyingi. Ndiyo maana tunahitaji tarehe.

Tarehe huanzia kwenye muhuri wa nchi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ililazimisha bidhaa za kigeni zilizoingia katika masoko yake zionyeshe nchi zilikotoka, na hapo ndipo maneno «Made in Germany» yalipoenea. Baada ya mwaka 1949 Ujerumani ikawa mbili. Chombo chenye muhuri wa GDR au DDR kilitengenezwa Mashariki kati ya mwaka huo na 1990, na Markneukirchen, Klingenthal na Leipzig yenyewe vyote vilikuwa upande huo. Jina Weltklang, ambalo wapigaji wetu wengi wamewahi kuliona, ni la kipindi hicho. Kwenye tromboni ya usharika ule muhuri umebaki nusu, chini ya sehemu slaidi inapochomekwa. Neno «Germany» linasomeka bila Mashariki wala Magharibi. Tena slaidi yake inashikamana na mdomo kwa kubanana tu, bila nati ya skrubu ambayo tromboni nyingi za sasa huwa nayo. Kwa ushahidi huo ninaiweka kabla ya Vita Kuu ya Pili, na sitakwenda mbele zaidi ya hapo.

Tromboni ya Kiingereza ina sura nyingine kabisa. Zile za zamani ni nyembamba, kipenyo cha ndani cha slaidi ni kama milimita 12 na mdomo haufiki sentimeta 18. Boosey & Hawkes iliundwa mwaka 1930 kwa kuunganisha kampuni mbili za London, hivyo majina hayo mawili yakiwa pamoja, chombo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Ukikuta tromboni ndefu yenye mpini wa kusukumia slaidi, hiyo ni besi ya G ya Waingereza. Slaidi yake ni ndefu kuliko mkono wa mtu, kwa hiyo fundi aliiwekea mpini. Na kuna jambo linalowasumbua walimu wa matarumbeta. Bendi za shaba za Uingereza zilipiga kwa sauti ya juu, karibu nusu ya semitoni zaidi ya kipimo cha leo, hadi miaka ya 1960. Ukiona tromboni ya Kiingereza ya zamani inagoma kulingana na kinanda, usimlaumu kijana anayeipiga. Huenda ilitengenezwa hivyo.

Za Kimarekani zinaweza kuwepo, na zina sababu ya kuwepo. Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kuzisaidia sharika za kaskazini katika miaka ya 1920. Tafuta jina la mji wa Elkhart, Indiana, makao ya C. G. Conn, na herufi LP karibu na namba ya kiwandani. Maana yake ni sauti ya chini, yaani kipimo kinachokaribia cha leo.

Tromboni za pistoni 3 zisizo na slaidi ziulizwe kwanza India, hasa mji wa Meerut, ambao umekuwa ukitengeneza vyombo vya bendi tangu enzi za Waingereza.

Mwandiko wa muziki uliomo ndani ya kasha nao ni shahidi. Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki mwaka 1941, aliwazoesha wapigaji wa makanisa ya Ujerumani kusoma noti kama zinavyosikika kwenye kinanda, ili wapige moja kwa moja kutoka kitabu cha nyimbo cha sauti nne. Bendi za Uingereza huandikia tromboni ya tena kwa ufunguo wa G, noti zikiwa zimehamishwa. Kasha lenye vitabu vya aina ya kwanza na lenye vya aina ya pili hayakupitia mikono ya mwalimu mmoja.

Ninachowaomba wazee wa sharika ni kuandika haya yote kabla chombo hakijaguswa. Pima upana wa mdomo. Pima kwa vernia kalipa unene wa mrija wa ndani wa slaidi. Angalia mshono wa mdomo kama unakwenda kwa urefu au unazunguka. Nakili kila herufi na namba, hata iliyofutika nusu, na upige picha ya mpindo wa nyuma. Fundi wa kulehemu akiombwa kung'arisha chombo husugua mihuri ikaisha, na mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa shaba kwa kilo, awe nyoka yupo au hayupo. Kipulizio nacho kibaki na tromboni yake. Mashina yake yapo ya saizi tatu, dogo, la kati na kubwa, na la kati, linalopatikana kwenye baadhi ya vyombo vya zamani, ni gumu kulipata madukani. Likipotea, chombo kizima kinaweza kukaa stoo miaka kwa sababu ya kipande kinachoenea kiganjani.

Wiki ijayo: tuba na eufoniamu.