Nauli ya Safari Iliyofutwa ni Amana

Mwaka 2020 uliwafundisha wakazi wa Kariakoo kwamba tiketi ya ndege yaweza kugeuka karatasi tupu kwa tangazo la siku moja. Februari 27 Saudi Arabia ilisimamisha wageni waendao Umra, na Hija ya mwaka huo na ya 2021 zikafanywa na waliomo ndani ya nchi hiyo tu. Machi 28 China ikawafungia mlango karibu wageni wote, na wafanyabiashara wa Mtaa wa Kongo waliozoea kwenda Guangzhou wakakwama. Aprili, Tanzania nayo ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa hadi Mei 18.

Serikali ina haki ya kufunga mipaka kwa ajili ya afya ya watu wake. Juu ya hilo hatuna ubishi. Swali letu ni hili: nauli iliyokwisha kulipwa ni mali ya nani?

Wakati ule mashirika mengi duniani yaliwapa abiria hati za kusafiria baadaye badala ya fedha. Kwa mwenye nacho, huo ni usumbufu mdogo. Kwa mama muuza vitenge aliyekopa mtaji, au mzee aliyedunduliza miaka mingi ili akazuru Makka, hati hiyo ni mkopo analoukopesha shirika pasipo ridhaa wala dhamana.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 yaagiza kwamba shirika likifuta safari, abiria anayetaka nauli yake arudishiwe ndani ya siku 7, na hati isitolewe badala ya fedha mpaka abiria akubali kwa saini. Aprili 3, 2020, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliyakumbusha mashirika kuwa amri ya serikali haiwaondolei wajibu wa kurudisha nauli. Hapa kwetu, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inao msingi huo huo: mkataba ukibatilika, aliyepokea manufaa huyarudisha au hulipa fidia.

Hata hivyo, hapana budi kutofautisha. Shirika likifuta safari, dai la abiria lina nguvu. Ndege ikiruka, abiria akazuiwa kwa kukosa viza au cheti, masharti ya tiketi yake ndiyo yatakayoamua. Na aliyenunua kwa wakala ajue fedha zake zimepita mikono miwili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo mwananchi adai risiti yenye jina la wakala na la shirika, aulize masharti kabla ya kulipa, na adai kwa barua yenye tarehe. Akipuuzwa, apeleke malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga, au kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga.

Lakini mzigo huu usiachwe kwa abiria peke yake. Tunasema masharti ya kurudishiwa nauli, pamoja na idadi ya siku, yaandikwe kwa Kiswahili chepesi juu ya kila tiketi inayouzwa nchini. Nauli ni amana mpaka ndege iruke. Na safari isipokuwapo, amana hurudi kwa mwenyewe.